Barua ya Mtu Aliyenipumulia

Mimi ni mtu wa maneno. Uliza soko lote la Rumonge, upande wa mawese, watakwambia kwamba siku Mama Idi hajaja hata nzi wanajua. Kwa hiyo nikikuambia kwamba siku moja nililala saa nzima nikisikia kila kitu na nisiweze kutikisa hata ukope, elewa kwamba Mungu alinipa mtihani wa kipimo changu mwenyewe.

Nasimulia haya kwa sababu siku hizi wananiletea watu. Huyu ana mke anayesubiri kupasuliwa, yule ana mtoto mwenye ngiri, wanakuja na kunong'ona: huyu ndiye aliyeamka akiwa maiti. Sikuwa maiti. Kaa hapo juu ya bidoni tupu, hilo dumu la mafuta, nikusimulie vizuri, kisha nenda ukamwulize daktari wako, maana mimi ni mwuza mafuta tu.

Mara ya kwanza kupasuliwa nilikuwa na kidole tumbo. Ni kama miaka kumi sasa. Ilikuwa masika, tumbo lilinikamata tangu alfajiri, na ilipofika saa nne mume wangu Bakari, fundi wa mashine za boti, akaniingiza kwenye gari ya jirani akanipeleka hospitali. Jina la hospitali nalihifadhi. Hawakunikosea kitu, na utaona mwenyewe kwamba walinitendea wema.

Walinichoma sindano mbili, ya usingizi na ya kulegeza misuli, ili waweze kuniwekea mpira wa hewa kooni na kufanya kazi yao. Nililala kama jiwe. Shida ilikuja kwenye kuamka.

Kwanza nilisikia vyuma vikiwekwa ndani ya beseni. Halafu mwanamke mmoja akasema ugali wa jana ulikuwa mbichi, mwenzake akacheka. Nikajua wamemaliza. Nikataka kufungua macho, hayakufunguka. Nikataka kusema, ulimi ulikuwa umelala mdomoni kama si wangu. Nikataka kuvuta pumzi. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ambayo sijaipata tena, kwa sababu pumzi ilikuja, lakini si mimi niliyeivuta. Hewa iliingia ikatoka, ikaingia ikatoka, kama mtu anayechochea mkaa wa fundi chuma.

Sisi tumefundishwa tangu utotoni kwamba maiti anawasikia wanaomwosha. Nikasema basi, hivi ndivyo ilivyo. Nimekufa, watanipeleka nyumbani, watanimwagia maji, nitamsikia kila mmoja, na nitafunikwa udongo nikiwa nasikia. Kisha nikasikia sauti ya mama yangu mlangoni. Alikuwa anabishana na muuguzi. Akasema, "Kama amekufa mutuambie tu, tusimuache alale peke yake." Nikataka kumwita. Mama alikuwa hatua kumi kutoka kwangu na sikuweza kumwita.

Kumbe nilikuwa nalia. Mwili mzima ulikataa, lakini machozi hayakuomba ruhusa. Yakashuka mpaka masikioni. Na mtu aliyekuwa nyuma ya kichwa changu akayaona.

Huyo mtu aliitwa Deo. Alikuwa muuguzi wa usingizi, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kimenyooka. Akainama karibu na sikio langu.

"Dada, kama unanisikia, hujafa. Dawa ya kulegeza misuli imechelewa kutoka mwilini mwako, basi. Kuna mfuko wa hewa mkononi mwangu. Nikiuminya, wewe unapumua. Siuachii. Sasa nitakupa dawa kidogo ulale tena, na ukiamka utanikuta hapahapa."

Nikalala. Nilipozinduka tena alikuwa hapohapo, anaminya. Baadaye waliniambia walimletea chakula akakataa, na mwenzake alipotaka kumpokea alikubali kwa muda wa kwenda msalani tu. Tangu adhuhuri hadi jua linazama ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mtu yule alikuwa akipumua kwa niaba yangu. Saa tano nzima. Kidole changu cha shahada kilipocheza, alisema "Alhamdulillahi" ingawa yeye ni Mkristo, akaketi sakafuni.

Siku ya kutoka alimpa Mama karatasi iliyoandikwa Kifaransa, yenye muhuri. Nilikuwa bado naona mawingu, lakini maneno yake nayakumbuka. "Mama, karatasi hii ndiyo kinga yake. Asiachane nayo. Popote atakapotaka kupasuliwa, waisome kwanza." Mama akashukuru, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya sidiria.

Sasa unapaswa kumjua mama yangu, Bi Mwajuma. Hajui kusoma Kifaransa wala herufi za shule, ila Kurani anaisoma. Kwake yeye karatasi inapotea, inalowa, inaliwa na panya. Ngozi haipotei. Na kitu cha kinga kina mahali pake: mwilini. Kwa hiyo alichukua karatasi ya Deo pamoja na aya aliyoandikiwa na shehe, akampelekea fundi viatu wa mtaani kwetu, naye akazishona zote mbili ndani ya ngozi ya mbuzi. Ikawa hirizi. Akanivika shingoni kwa mkono wake.

Kulikuwa na sababu ya pili, na hiyo hakuisema kwa sauti. Mama na marehemu baba walikuwa watoto wa ndugu wawili. Kwetu Waislamu wa hapa mjini si ajabu, lakini majirani zetu wa milimani kwao ni mwiko, wanatutazama kwa jicho la pembeni. Deo alimweleza Mama kwamba tatizo limo katika damu, kwamba huenda na ndugu zangu wanalo. Nyumbani kulikuwa na mdogo wangu Rehema ambaye bado hajaolewa. Mama aliona jinsi habari itakavyotembea: nyumba ile damu yao inalala, ni kwa sababu ya kuoana wao kwa wao. Basi akanishika mkono.

"Zena, hili ni ibanga. Mutu asijue. Hata Bakari."

Ibanga ni neno la Kirundi, na asiye wa huku haelewi uzito wake. Si siri tu. Ni heshima ya mtu anayejua kufunga mdomo. Mtu asiye na ibanga huku kwetu ni debe tupu. Na mimi, niliyesifika kwa domo, nilitaka angalau mara moja mama yangu aone kwamba ninalo. Nikanyamaza. Bakari aliambiwa nilichelewa kuamka. Miaka ikapita, na mimi mwenyewe nikasahau kwamba shingoni nimevaa barua. Nilijua nimevaa kinga.

Ugonjwa wa pili ulianzia kwenye kamba ya ile hirizi.

Asubuhi moja ya kiangazi niliona hirizi inanibana. Nikadhani kamba imesinyaa kwa jasho, nikaiongeza urefu. Baada ya miezi miwili nikaiongeza tena. Rehema, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa tayari, ndiye aliyenitazama akasema, "Dada, siyo kamba. Ni shingo."

Lilikuwa rovu. Mwanzoni lilikuwa kama yai la bata upande wa kulia, nikalifunika kwa mtandio. Halafu likavuka katikati. Nikakonda huku shingo inanenepa. Moyo ulikwenda mbio nikiwa nimekaa. Mikono ilitetemeka mpaka wateja wakaanza kunishikia faneli, kwa sababu mafuta yalimwagika nje ya chupa. Kibaya kuliko vyote, sauti ilianza kuondoka. Nilizoea kumwita mteja toka upande wa pili wa soko, sasa nilikwaruza kama jogoo mgonjwa. Wenzangu walinitania, "Mama Idi, leo soko limepona." Nilicheka nao. Nikifika nyumbani nililia.

Madaktari wa huku kwetu walinitazama wakanituma Bujumbura. Sijui kama umewahi kusubiri kwenye zile benchi za hospitali za Bujumbura. Unafika saa kumi na mbili, unakuta walioamka kabla yako. Unajifunza magonjwa ya watu wote. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kabezi aliyekuwa na rovu kubwa kuliko langu, alilibeba kama mtoto, akanigawia ndizi zake bila kuniuliza jina. Kulikuwa na mwalimu wa Nyanza-Lac aliyesahihisha daftari za wanafunzi kwenye mapaja. Mafuta ya gari yalikuwa ya shida, na mara mbili nilifika baada ya daktari kuondoka, kwa sababu gari ililala njiani Gitaza ikisubiri lita chache. Mara zote mbili nilirudi nyumbani na harufu ya ndagala, dagaa wa Gitaza, kwenye nguo na hasira kifuani.

Daktari alisema rovu litolewe, lakini kwanza moyo utulizwe. Nikaanza vidonge. Nilivimeza mvua za kwanza zikinyesha, nikavimeza mahindi yakichanua, nikavimeza ziwa lilipofungwa ili samaki wazae na wavuvi wote wakashinda barazani wakicheza karata. Moyo ukatulia. Mikono ikatulia. Daktari akaridhika, akanipa randevu ya operasyo, tarehe ya kupasuliwa.

Sikwenda.

Nilimwambia Bakari nina mafua. Randevu ya pili nikasema mjukuu wa jirani amefariki, jambo ambalo Mungu anisamehe, mtoto yule mpaka leo anacheza mpira. Bakari ni mtu mpole, anaweza kukaa na mashine mbovu siku tatu bila kuitukana. Lakini siku ile alitupa spana chini.

"Zena, unataka nini? Unataka hiyo kitu ikukabe? Unalala umekaa kwenye kiti. Minasikia unavyovuta hewa, ni kama musumeno. Niambie iko nini."

Sikumwambia. Akaokota spana akatoka. Tulikaa wiki nzima tukizungumza mambo ya chumvi na sabuni. Niseme wazi: sikuogopa kisu. Sikuogopa hata kufa. Niliogopa kuamka. Niliogopa kusikia tena vyuma kwenye beseni, bila Deo nyuma ya kichwa changu. Nilikuwa nimeshamtafuta, wakaniambia alihamishwa zamani, hawajui wapi.

Mwishowe nilikubali kwa sababu ya jambo dogo. Nilikuwa nakunywa chai, tone moja likapotea njia, nikakosa hewa mpaka nikaanguka kwenye mkeka. Niliponyanyuka nikamwona Idi, mwanangu, kijana mzima mwenye ndevu, amesimama mlangoni, miguu imemganda. Nikasema basi, nitakwenda. Hirizi ninayo. Ilikuwa haitoshi shingoni tena, nikaifunga kwenye mkono wa kushoto.

Wiki moja kabla ya kupasuliwa walinipeleka kwa binti mmoja mwenye karatasi ya maswali. Akauliza bila kuinua kichwa. "Umeshapasuliwaka?" Ndiyo, kidole tumbo. "Iko shida ilitokea na dawa ya usingizi?"

Hapa ndipo nakuomba wewe unayesikiliza uvute bidoni karibu. Swali hili ni fupi, wanaliuliza haraka, na watu wengi wanalijibu haraka. Nilijibu, "Hapana." Nilifikiri, nikisema ndiyo watanikatalia, nitarudi Rumonge na shingo yangu nife nayo. Nilifikiri pia kuhusu Mama. Na nilijiambia kwamba kinga ninayo mkononi, yeye huyu binti na karatasi yake ataongeza nini? Akaweka alama. Akaita mwingine.

Siku yenyewe ikafika. Walinivisha gauni la kijani, wakanilaza kwenye kitanda cha magurudumu mpaka mlango wa bloku, ndiyo chumba cha kupasulia. Bakari alikuwa pembeni yangu. Muuguzi akavua hereni zangu, akavua pete, akampa Bakari. Akaja kwenye mkono wa kushoto.

"Hii hapana," nikasema kwa ile sauti yangu ya kukwaruza.

"Mama, huko ndani kila kitu kinatoka. Hata daktari anavua saa."

"Basi nirudisheni."

Muuguzi akavuta, mimi nikavuta. Aibu tupu, mtu mzima wa miaka arobaini na sita. Akatokea daktari wa usingizi, mwanamke mfupi mwenye miwani, anaitwa Joselyne. Nilitegemea anifokee. Yeye akavuta kiti, akakaa, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Amahoro, Mama. Mimi ndiye nitakulaza. Niambie, hiyo hirizi iko na nini ndani?"

"Iko na karatasi."

"Karatasi ya shehe?"

"Ya shehe na ya hospitali."

Akasogeza kiti karibu. "Hospitali iliandika nini?"

Sijui ni kwa nini nilimjibu. Labda ni kwa sababu alikaa. Nilimwambia yote, pale kwenye kolido, watu wakipita na ndoo. Vyuma kwenye beseni. Ugali mbichi. Hewa isiyo yangu. Deo. Saa tano. Sikumtazama Bakari, lakini nilisikia hereni zangu zikigongana ndani ya kiganja chake.

Dokta Joselyne akavua miwani. "Mama, ziko sindano tofauti za kulegeza misuli. Ile ya haraka, watu karibu wote inawatoka kwa dakika chache. Wachache sana mwili wao haujui kuivunja. Ninahisi wewe uko katika hao wachache." Akageuka akatazama mlango wa bloku. "Na ile ya haraka ndiyo niliyoivuta kwenye bomba asubuhi hii. Iko juu ya sahani, inakungojea. Kwenye fishi yako, ile karatasi ya maswali, wameandika hakuna shida."

Nikaitazama hirizi mkononi. Niliivaa kinga yangu mpaka mlangoni, na mlangoni ndipo ingevuliwa, ikabaki mfukoni mwa Bakari, na mimi ningeingia nisikie tena.

"Tuifungue tusome," akasema Dokta. "Nataka kujua jina lenyewe la dawa, siyo kubahatisha."

Nikasema lazima nimwombe mama yangu. Unaweza kucheka. Lakini hirizi haifunguliwi hovyo, na aliyenivika ni yeye. Bakari akapiga simu, akaniwekea sikioni. Mama alikuwa nyumbani Rumonge, juu ya mswala.

"Mama, wanataka kufungua hirizi."

"Haifunguliwi."

"Wanataka karatasi ya Deo."

"Si uwaambie tu kwa mudomo? Wakisoma watajua mambo ya nyumba yetu. Zena, ibanga."

Hapo nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Nilisema, "Mama, siku ile nilikuwa nasikia. Nilikusikia mlangoni. Ulisema kama amekufa mutuambie, tusimuache alale peke yake."

Nikasikia Mama anavuta kamasi.

"Ulinisikia?"

"Kila neno. Na nilikuwa peke yangu, Mama."

Halafu akasema, "Kata. Mwambie Bakari akate, mukono wake hautetemeki."

Bakari anakata gasketi za mashine kila siku. Alichukua mkasi wa hospitali akakata uzi mmoja mmoja bila kujeruhi ngozi. Aya ya shehe ilitoka kwanza, akaibusu, akaiweka mfuko wa kifuani. Kisha ikatoka karatasi ya Deo, imefungwa nailoni, kingo zake zimekuwa za rangi ya mawese. Muhuri ulikuwa umeenea. Wino wa kalamu ulikuwa mzima.

Dokta Joselyne aliisoma kimya, kisha akatutafsiria. Ilitaja jina la sindano, ileile iliyokuwa kwenye sahani. Ilisema mgonjwa huyu alikaa saa tano bila kupumua mwenyewe na asipewe tena dawa hii maisha yake yote. Ilisema ndugu zake wa baba na mama waulizwe na waangaliwe, hasa wakitaka kupasuliwa. Nikadhani imekwisha. Akavaa miwani tena.

"Iko mistari mwisho, hii si ya kidaktari. Ameandika hivi: Mgonjwa alikuwa anasikia. Niliona machozi yake nikachelewa kuelewa. Wewe utakayemlaza baada yangu, mwambie kabla hajalala kwamba safari hii haitakuwa vile."

Nililia kwa sauti yangu mbovu yote. Kwa miaka tisa mtu yule alikuwa ameniombea kwa mwenzake asiyemjua, na mimi nilikuwa nimeyashona maneno yake gizani.

"Basi nakuambia," akasema Dokta Joselyne. Akanishika mkono. "Haitakuwa vile. Ile sindano naitupa. Nitatumia nyingine, haitegemei kile mwili wako umekosa, na dawa ya kuiondoa ninayo. Nitakuwekea mashine ndogo hapa kwenye kifundo cha mkono, inagusa mshipa, kidole gumba kinacheza. Kidole kisipocheza sawasawa, sikuamshi. Na ukiamka, jambo la kwanza utakalosikia ni mimi nikikuambia minya mukono wangu."

Operasyo ikasogezwa mpaka mchana, ili avute dawa mpya na awaeleze wenzake wote mle ndani. Alibandika karatasi ya Deo ukutani, juu ya kichwa changu, kwa plasta. Niliitazama mpaka usingizi ukanichukua.

"Zena. Minya mukono wangu."

Niliminya. Wallahi niliminya kwa nguvu zote za mwanamke aliyebeba madumu ya mawese maisha yake yote.

"Yoo, buhoro! Polepole, Mama, nina kazi nayo kesho!"

Nikavuta pumzi. Niliivuta mimi mwenyewe. Ilikuwa inauma kooni, ilikuwa na harufu ya dawa, na sijawahi kuonja kitu kitamu vile.

Walinikataza kuzungumza siku tano. Rehema alisema angelipa kiingilio aje aone. Nilikaa kitandani na bendeji shingoni, nikiandika kwenye daftari la shule, na Bakari akinijibu kwa kuandika pia ingawa yeye angeweza kusema. Siku ya tatu aliandika: Kwa nini hukuniambia. Nikaandika: Niliahidi. Akachukua kalamu, akaandika: Na mimi ningekaa mlangoni na wewe. Ilikuwa ni haki yake kukasirika, na alikasirika taratibu, kwa wiki kadhaa, kama anavyofanya mambo yake yote. Ikapita.

Sauti ilirudi mvua ziliporudi, nzito zaidi, wateja wapya kwenye simu wananiita kaka. Kovu liko pale mkufu unapolala. Nameza kidonge kimoja kila asubuhi na nitameza mpaka siku zangu ziishe, ni sawa.

Kipimo cha ile damu hakipatikani kwetu. Dokta Joselyne alisema basi ndugu zangu wote tuwahesabu kwamba wanayo mpaka ithibitishwe kwamba hawana. Nilipiga kopi za barua ya Deo, moja kwa kila mmoja. Rehema yake aliiweka kwenye kava la simu. Mama nilimpa ya kwake akaikunja mara nne, akaitia palepale pa zamani. Hatukuzungumza tena juu ya ile simu. Niliona aibu yake, na sikutaka kuigusa.

Rehema alikuwa mjamzito. Mwezi wa nane wa mimba wakamwambia mtoto amekaa vibaya, huenda akapasuliwa. Tulikwenda naye kliniki watatu, yeye, mimi na Mama. Chumba kilijaa. Wanawake wa mtaani kwetu walikuwepo, pamoja na wawili ambao ndimi zao hata mimi nazinyenyekea. Muuguzi alikuwa na fishi, anauliza bila kuinua kichwa, hadharani, kama wanavyofanya.

"Kuna mutu wa familia aliyepata shida na dawa za operasyo?"

Rehema akageuka kunitazama. Nikafungua mdomo, mimi mtu wa maneno. Lakini Mama alikuwa ameshasimama. Alitia mkono ndani ya sidiria, akatoa karatasi, akaikunjua mara nne, akaiweka juu ya meza ya muuguzi.

"Iko," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka benchi la nyuma. "Huyu mukubwa wangu. Mimi na baba yake tulikuwa damu moja. Andika."